Swali la Mia na Kumi na Tisa

Zimebaki siku tisa.
Jikoni kwetu, Bytom, ghorofa ya nne,
meza ni nusu yangu, nusu ya viazi.
Mama anamenya viazi, mimi namenya figo:
chumvi inatokea wapi, maji yanarudia wapi,
dawa ipi hufunga mlango upi.
Ganda limeangukia ukurasa wa homoni.
Analifuta kwa kiganja, haombi radhi;
kitabu alikilipia yeye.

Maswali mia mbili, kila moja herufi tano,
na nne kati ya hizo ni waongo wenye sura njema.
Nimeanza kuwajua.
"Daima" ni mwongo. "Kamwe" ni mwongo.
"Subiri uone" mara nyingine ndiye mkweli pekee.
Neva kumi na mbili za kichwa nazihesabu kitandani
kwa sentensi ya matusi aliyonifundisha Radomir;
siwezi kuiandika hapa,
wala sijawahi kuisahau.

Jumapili nilihitaji mgongo wa mtu.
Baba akavua fulana, akakalia kiti kinyumenyume.
Miaka thelathini na mmoja ya mgodi imo mgongoni mwake:
makovu ya buluu, vumbi la makaa
ambalo ngozi ililifunika kabla halijaoshwa.
Nikalaza kidole, nikagonga kwa kidole.
"Unabisha kama mdai kodi," akasema.
"Pumua, Baba. Usiongee. Pumua."
Na chini kabisa, kulia na kushoto, nikasikia
karatasi ya peremende
ambayo mtu anaifungua polepole kanisani
akidhani hasikiki.

Nikamwambia: Safi.

Jumanne, saa tisa usiku, swali la mia na kumi na tisa.
Mwanamume, miaka sitini na miwili, mchimbaji mstaafu.
Kikohozi kikavu, pumzi fupi, homa za jioni.
Anafuga njiwa.
Hatua ifaayo zaidi ni ipi?

A ilisema: ripoti vumbi la makaa, ugonjwa wa kazi.
Niliitaka A. Niliitaka kwa moyo wote,
maana A imeshapita,
A ina faili, ina fidia, ina chama cha wafanyakazi,
A haitudai kitu kesho asubuhi.

Jibu ni E.
Atenganishwe na ndege wake.

Kitabu kikanipa alama moja, kikafungua swali jingine,
mtoto mwenye vipele.
Hakikuuliza nani atapanda ngazi ya dari
kumwambia mtu aliyekula giza nusu ya umri wake
kwamba hawa,
hawa aliokuwa akiwawaza kule chini
kila taa ilipofifia,
hawa wenye anga,
nao wana vumbi lao.

Asubuhi alikuwa dirishani, shingo imepinda,
akimngoja jike la kijivu lililochelewa tangu Jumamosi
kutoka ng'ambo ya Mto Oder.
"Jana umepata ngapi?"
"Mia na hamsini na nne."
Akahesabu kwa vidole vilivyobaki.
"Basi hao arobaini na sita nitawaombea mimi."
Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
kikohozi kikachukua muda wake.
Kisha akachomeka unyoya kitabuni, kwenye figo,
nisipotee ukurasa.

Zimebaki siku nne.
Jana nilinunua barakoa, zile nene za wapaka rangi,
nikaiweka juu ya gunia lake la mahindi,
bila barua, bila neno.
Jibu hilo halimo kwenye herufi tano.
Labda ni nusu alama. Labda ni woga.

Leo nimesikia mluzi wake, nikatoka hadi chini ya ngazi.
Jike la kijivu limerudi.
Baba amelishika kifuani, mbawa zinapiga,
vumbi jeupe linapanda kwenye mwanga,
na barakoa ameivaa, naam, ameivaa,
juu, kwenye paji la uso,
kama taa ya mgodini.

Nimeacha kitabu chini.
Nimeshika ngazi.